Fremu Iliyozidi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepiga msasa fremu nane kabla jua halijakuwa kali. Tano zimebaki. Vumbi la mbao limeingia mpaka kwenye chai. Mume wangu, Baba Akai, ameinywa hivyo hivyo, akasema leo chai ina nguvu.

Mzigo huu niliutoa Kakuma juzi, kwa Nyandeng. Ana kibanda cha chai kwenye soko la kambi. Watu wanaosafiri kwenda ng'ambo humwachia vitu vya nyumba: sufuria, viti, picha za ukutani. Fremu ananiwekea mimi. Ninazisugua, ninazipaka rangi, ninazizungushia shanga au majani ya mkoma, zinakuwa mpya. Mwaka wa sita huu. Tulijuana kwenye hija ya akina mama. Yeye ametoka Sudan Kusini, mimi Mturkana, tukalala mkeka mmoja. Basi, ikawa udugu.

Tulipatana kumi na mbili. Nimehesabu hapa nyumbani, ni kumi na tatu. Ya ziada ni ndogo, ina picha ya Mama Maria, kioo kimepasuka. Nikasema Mungu amenizidishia. Nilitaka kumpigia Nyandeng nimuulize. Sijapiga.

Mchana mwenyekiti wa jumuiya amekuja. Katekista Ewoi tunamzika Ijumaa. Mjane wake anataka fremu kubwa, ya picha itakayotangulia jeneza. Mjane amesema ni mimi Selina nitengeneze, si mwingine. Nimelia kidogo. Huyu mzee ndiye alinifundisha Baba Yetu nikiwa msichana mkubwa, nimetoka tu kuchunga mbuzi, kalamu naishika kama fimbo.

Jumanne, 4 Machi

Nimechukua ile fremu kubwa kuliko zote. Rangi nyeusi, nimepaka mara mbili. Shanga nyekundu na nyeupe pande zote nne. Juu katikati nimebandika msalaba wa vipande vya ganda la yai la mbuni.

Mgongo unauma. Lakini sijawahi kutengeneza kitu kizuri hivi. Nimemwonyesha Baba Akai, akasema hii hata gavana angekubali kufa awekwe ndani. Nimemwambia aache upuzi, kuna msiba.

Jumatano, 5 Machi. Majivu

Nimepakwa majivu asubuhi. Saa nne nimepeleka fremu kwa Mama Ewoi.

Ninaandika na uso wangu bado una moto.

Alikuwa amekaa chini, kichwa kimenyolewa. Shingo tupu. Zile shanga zake, zile za kutoka bega mpaka kidevu, hakuna. Nikamkabidhi fremu. Akaitazama, akanitazama mimi, akasema polepole: "Selina. Mimi nimevua zangu. Yeye nimvalishe?"

Mungu wangu. Mwanamke wa Kiturkana, miaka arobaini na saba, nimempelekea mjane shanga. Hata mtoto anajua. Mume akifa shanga zinavuliwa. Nimekaa na brashi na rangi mpaka nimeona shanga ni pambo tu.

Kikongwe kimoja pale pembeni kikasema kwa sauti: "Huyu anafikiri tuko harusi." Wengine wakacheka. Wakacheka kwenye matanga, kwa sababu yangu.

Mama Ewoi peke yake hakucheka. Alisema: "Itoe shanga. Iwe nyeupe tu. Najua utaweza." Nimetembea mpaka nyumbani bila kusalimia mtu.

Alhamisi, 6 Machi

Shanga zimetoka lakini na rangi nayo imetoka. Mbao imebaki na matundu na mabaka ya gundi. Mbaya kabisa. Kupaka juu yake hakuwezekani.

Dawa yake ni karatasi. Unachana vipande vya upana wa vidole viwili, unachovya kwenye uji mzito wa unga, unafunika mbao yote, tabaka juu ya tabaka. Ikikauka inakuwa laini kama ngozi. Halafu rangi. Nimefanya hivyo mara nyingi.

Karatasi zikaniishia. Magazeti yote ya Baba Akai yameisha na pande mbili bado. Saa nane, jua kali, mazishi kesho. Nikachukua ile fremu ndogo iliyozidi. Picha ya Mama Maria nimeitoa vizuri, nimeiweka ndani ya Biblia. Mgongo wake ulikuwa mnene, karatasi juu ya karatasi, kalenda, bahasha ya kaki, zimeshikana kwa gundi. Nikautumbukiza wote kwenye beseni ili ulainike.

Mimi hufungua kila mgongo kwanza. Ndiyo kanuni yangu. Hapa kwetu mchwa wanakula kila kitu kilicho chini, sanduku, godoro, viatu, kwa hiyo watu huficha karatasi zao nyuma ya picha ukutani. Hata cheti changu cha ndoa kiko nyuma ya Moyo Mtakatifu. Nimewahi kumrudishia mtu kitambulisho, mwingine barua ya shamba la Katilu. Leo sikufungua. Haraka.

Karatasi moja ilikuwa nzito kuliko nyingine. Nikafurahi. Nikaiweka kwenye kona, maana kona ndizo hupasuka.

Saa kumi na moja imekauka. Nimepaka rangi ya maji, nyeupe. Ya mafuta ingechelewa kukauka. Imependeza. Asante Yesu.

Ijumaa, 7 Machi

Tumemzika Katekista Ewoi. Watu wengi, wengine wametoka mpaka Nariokotome. Upepo ulitaka kubeba hema. Fremu ilitangulia, nyeupe kabisa, na mzee ndani yake anatabasamu kama anaposikiliza mtoto akikosea amri za Mungu.

Mama Ewoi alinishika mkono mbele ya watu. Nilijisikia vizuri. Nilijisikia vizuri sana, mpaka nikajikemea.

Watasali mbele ya hiyo picha siku tisa.

Jumapili, 9 Machi

Misa ndefu. Joto. Nimekuta simu imepigwa mara tatu na Nyandeng. Bando lilikuwa limeisha, sikumrudia. Nitampigia kesho.

Jumatatu, 10 Machi

Sijui nianzie wapi.

Nyandeng amepiga saa moja asubuhi. Hakusalimia. Yeye ambaye anaweza kuuliza habari ya mbuzi mmoja mmoja. Amesema: "Ewe Selina, ile picha ya Mama Maria, ndogo, umeiona? Tulikuwa tunakandika ukuta upya, nikaishusha, nikaiegemeza pale karibu na fremu zako."

Nikasema, picha gani.

Amesema nyuma yake kuna kadi ya ubatizo ya Abuk. Abuk ni mtoto wa dada yake marehemu, amemlea tangu akiwa mchanga, sasa ana miaka kumi na tano. Amesema Ijumaa hii wameitwa ofisi ya wakimbizi kwa mambo ya safari ya ng'ambo. Wanataka karatasi inayoonyesha huyu mtoto ni wa damu yake. Isipokuwepo, faili zao zinabaki mbili. Nyandeng anaweza kusafiri peke yake na msichana akabaki. Karatasi ni hiyo moja tu duniani. Kanisa lililoiandika lilichomwa na vita.

Nilikaa kwenye ndoo ya rangi, nikasikia kifuniko kikibonyea.

Nikamwambia: "Ngoja nitafute."

Ngoja nitafute. Mimi nimesema hivyo. Na majivu ya Kwaresima hata hayajaisha kwenye kitambaa changu.

Nimekwenda kwenye beseni. Limeoshwa. Nimekagua takataka kwa mikono. Nimepata kipande cha kalenda, nimepata kaki. Ile nzito haipo. Ninajua iko wapi. Iko kwenye kona za fremu ya marehemu, chini ya rangi, na watu wanapiga magoti mbele yake kila jioni.

Jumanne, 11 Machi

Nimemwambia Baba Akai. Alikuwa anafunga viatu kwenda lindoni. Akaacha kufunga. Nilitegemea mzaha, hata mimi nilikuwa ninautaka. Hakuna. Akasema: "Mpigie sasa. Mimi nikiwa hapa."

Nikampigia. Nikasema yote. Kwamba nilihesabu kumi na tatu na nilijua imezidi. Kwamba sikuuliza. Kwamba nilitumbukiza bila kufungua. Kwamba nimeichana kwa vidole vyangu.

Nikasikia nyuma yake watu wakiagiza chai, mtu akilalamika sukari ni kidogo.

Halafu akasema, "Ungeuliza tu ningekupa hiyo fremu." Akakata.

Hakufoka hata kidogo. Ningependa afoke.

Sijapika. Rozari nimeianza mara nne, kila mara nakwama fumbo la pili. Ninachoona ni vidole vyangu kwenye maji.

Jumatano, 12 Machi

Nimekwenda kwa Mama Ewoi mapema, kabla ya watu wa sala. Nilidhani nitamkuta peke yake. Wapi. Wanawake wanane, na kile kikongwe.

Nilipiga magoti, nikasema nimekuja kuomba fremu.

Kikongwe kikaanza: "Jumatano ile alileta harusi, Jumatano hii amekuja kupokonya! Hata udongo haujashikana!" Mwingine akauliza kama kuna bei nimepewa na wenye hoteli za watalii kule Eliye. Nikaendelea tu kuongea huku wakiongea. Nikasema kuna mtoto. Nikasema kadi ya ubatizo. Hapo Mama Ewoi akainua mkono, wakanyamaza.

Akauliza: "Kadi ya ubatizo iko usoni kwa mume wangu?"

Nikasema ndiyo, kwenye kona.

Nilidhani atanifukuza. Akainuka taratibu, akashusha fremu mwenyewe, akamtoa mzee, akamwegemeza kwenye redio yake. Akamwambia yule kwenye picha, kama mtu aliye hai: "Baba Ewoi, ngoja kidogo. Kazi yako hii." Halafu kwa wale wanawake: "Mnatazama nini? Wekeni maji jikoni."

Maji ya uvuguvugu, vitambaa juu ya kona, dakika kumi, kisha ncha ya kisu cha mezani. Rangi ya maji imeachia. Ingekuwa ya mafuta, hadithi ingeishia hapo. Kisu kiliniteleza mara mbili mpaka kikongwe kikaninyang'anya. Nikaogopa, lakini kina mkono mtulivu kuliko wangu. "Nimechuna ngozi za mbuzi miaka sabini," kikasema, "karatasi ni nini?" Kikabandua vipande sita bila kutoboa hata kimoja. Viwili vya kona ya chini vilitoka kama ugali. Hivyo vimekwenda.

Mihuri imetawanyika, rangi ya zambarau kama ngozi iliyopigwa. Lakini maandishi ya kalamu yapo. Mimi Kiingereza changu ni cha kutafuta neno moja moja. Mama Ewoi hakuhitaji hata kusoma. Miaka thelathini amekaa pembeni ya mume wake akijaza kadi hizi. Alipanga vipande juu ya sinia kama anapanga dagaa: "Hapa huwa jina la mtoto. Hapa tarehe. Hapa baba. Baba hakuandikwa. Hapa mama."

Akanisogezea sinia.

Nilitegemea jina la dada. Limeandikwa Nyandeng. Nyandeng na jina la baba yake na la babu yake, yote matatu. Nimelisoma mara tano. Nikatafuta mstari wa msimamizi, nikidhani tumepanga vibaya. Mama Ewoi akasema, "Sikosei mistari hii, Selina."

Abuk si mtoto wa dada yake. Ni mtoto wake.

Miaka sita. Mkeka mmoja. Nimemwambia mambo ambayo hata padre sijamwambia.

Wale wanawake walitaka kujua tumeona nini. Mama Ewoi akafunika sinia na leso. "Tumeona mtoto alibatizwa," akasema. "Amina. Rudisheni maji mahali pake."

Alhamisi, 13 Machi

Kakuma. Ninaandika nikiwa kwa Nyandeng, nje, kwenye kiti cha kibanda. Niliondoka nyumbani Lodwar alfajiri na vipande vimebanwa kati ya vioo viwili, nimevifunga kwa kitenge tumboni kama mtoto.

Alinikuta nimesimama mlangoni. Hakunikaribisha, hakunifukuza. Abuk akatoka mbio akinisalimu, "Ejok, Mama Akai!" Kiturkana chake cha sokoni. Akanipokea mfuko. Msichana mrefu. Nilimtazama paji la uso, na masikio, nikashangaa jinsi mtu anaweza kuwa na macho na asione. Ni sura moja! Nyandeng akamtuma mbali, akalete mkaa.

Nikafungua kitenge. Akaweka kidole juu ya kioo, kwenye mstari ule.

"Umesoma," akasema.

"Nimesoma. Na mjane wa Lodwar. Hatasema."

Akakaa chini. Akaanza kuongea akitazama jiko, si mimi. Alikuwa na miaka kumi na saba. Ng'ombe wa mahari walikuwa wameshaletwa kwa ajili yake na mwanamume mwingine, mtu mzima. Tumbo likaonekana. Dada yake mkubwa, ambaye alikuwa ameolewa, akasema mtoto akizaliwa ni wangu, wewe nyamaza. Wakanyamaza wote wawili. Halafu vita vikaja, dada akafa njiani, Nyandeng akafika hapa na mtoto mgongoni. Mtu wa kuandikisha akamwuliza huyu ni nani wako. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, ukatoka wenyewe. Kisha ukakaa.

Nikamwuliza, na hii kadi?

"Padre aliniuliza mama ni nani. Padre huwezi kumdanganya huku maji yapo pale kichwani kwa mtoto." Halafu akasema alikuwa amekata shauri: Ijumaa hii angeweka kadi mezani na kusema ukweli wote. Miaka kumi na tano ameificha karatasi isimwumbue. Wiki aliyoitaka ndiyo wiki niliyoichana.

Nikasema nisamehe. Akasema, "Kalas, Selina, usinililie hapa, nina wateja." Lakini alinisogezea kikombe cha chai.

Nimemwuliza jambo moja tu. Abuk anajua? Akatikisa kichwa. Nikamwambia, dada, usimwache aisikie kwa mgeni mwenye kalamu.

Ijumaa, 14 Machi

Amemwambia asubuhi, kabla ya chai. Nilitoka nje, lakini nyumba ni za mabati na udongo, huwezi kukosa kusikia. Walikuwa wakiongea Kidinka. Sauti ya Nyandeng muda mrefu. Kisha Abuk akatoka na vyombo, vyombo safi, vya jana jioni, akaviosha vyote upya. Akavaa sare ya shule ingawa hakuna aliyemwambia. Akatangulia mbele yetu njia nzima, hatua kumi mbele, hageuki.

Nilifikiri kama amekataa, tumekwisha. Kadi iwe nzima au vipande, mtoto akisema simtaki, huyu ni mwongo, faili zinabaki mbili. Na ana haki.

Ofisini waliita Nyandeng. Baadaye wakaita Abuk, chumba kingine. Baadaye sana wakaniita mimi. Afisa ni binti mdogo, kama Akai wangu. Ameweka vile vioo mbele yake. Akaniuliza kwa upole mimi ni nani katika jambo hili.

Nikasema: "Mimi ndiye niliyeichana."

Akaweka kalamu chini. Nikamweleza kila kitu, fremu iliyozidi, uji wa unga, shanga, mjane, kikongwe na kisu. Aliponyanyua macho alikuwa na mdomo wazi. Akauliza, "Marehemu alizikwa nayo?" Nikasema hapana, ilitangulia tu. Akajizuia kucheka, nikaona, sikukasirika. Akanipa karatasi niandike kwa mkono wangu na niweke sahihi. Nimeandika kurasa mbili. Sijawahi kuandika kurasa mbili kwa mtu mwingine maishani mwangu.

Saa nane akatuita wote. Alimsomea Nyandeng kwamba kudanganya wakati wa kuandikishwa ni kosa, na maelezo yake mapya yameandikwa juu ya yale ya zamani na yatafuatiliwa. Nyandeng alisimama kama mwanafunzi. Kisha akasema faili zitakuwa moja. Mama na mtoto. Safari yenyewe haijulikani lini, wala kama ipo, lakini hakuna atakayeitwa bila mwenzake.

Nyandeng hakuuliza habari ya safari. Aliuliza: "Yeye amesema nini?" Akimaanisha Abuk, ambaye alikuwa amesimama pale pale pembeni yake.

Afisa akasema hilo ni la Abuk mwenyewe.

Abuk akatazama ukuta.

Jumamosi, 15 Machi

Nimerudi Lodwar. Nimepitia kwa Mama Ewoi. Amemrudisha mzee ndani ya fremu, mbao tupu, na mabaka yake, hataki nipake tena. Nimesali nao. Leo ilikuwa siku ya mwisho ya zile tisa. Kikongwe kimenipisha nafasi kwenye mkeka.

Nyandeng hajapiga. Nikapiga mimi. Alisema Abuk hazungumzi. Anafanya kazi zote, anaitika, hazungumzi. Amehamisha godoro lake upande wa mlango. Sauti ya Nyandeng imekauka. Akasema, "Nimepata faili, Selina. Mtoto sijui."

Sina cha kurekebisha hapo. Huko hakuna msasa.

Jumapili, 16 Machi

Misa ya kwanza. Nimeungama jana jioni, yote, hata kile kifungu cha "ngoja nitafute". Padre alinipa zaburi moja na akaniambia nihesabu vizuri.

Baada ya chakula simu imelia. Nyandeng. Alikuwa ananong'ona, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. Anasema walikuwa wanakanda unga, wao wawili, wa chapati za kibandani, kimya kama siku zote hizi. Abuk akasema bila kuinua kichwa:

"Kwa hiyo siku zote nilizokuwa nakuita mama mdogo, ulikuwa unaitika tu."

Nyandeng akasema ndiyo.

"Miaka yote hiyo."

Ndiyo.

Abuk akakanda, akakanda. Kisha akauliza alizaliwa wakati gani wa siku. Nyandeng akamwambia, asubuhi, ng'ombe walikuwa hawajafunguliwa, na mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Akauliza tena, nilikuwa mnene? Nyandeng akasema ulikuwa mnene sana, uliniumiza. Abuk akasema, vizuri.

Hajasema kingine. Hajamwita jina lolote bado. Lakini ameuliza, Selina, anasema Nyandeng, ameuliza mwenyewe. Na amekula.

Tumekaa hivyo kwenye simu mpaka bando lake likaisha.

Baba Akai amelala kivulini. Upepo umetulia. Leo sipaki kitu.